Tumbo la Ndege



Hapa tumezoea kuhakiki vitabu, nyimbo na filamu. Leo naomba mnivumilie nihakiki ndege. Nazungumzia ndege za mfano, zile zinazotengenezwa na watu wazima huko Ulaya na Marekani kwa kujifurahisha, na zile zinazotengenezwa na watoto wetu wa Masisi na Walikale bila mtu kuwauliza neno.

Habari ilianza kwa shangazi yangu, Goma. Nilikuwa naangalia video kwenye simu pamoja na mdogo wangu wa miaka tisa. Mzee mmoja wa Uingereza alisimama kwenye uwanja wa majani, telekomande mkononi. Mbele yake Spitfire, ile ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili, imetengenezwa upya kwa uwiano wa 1 kwa 4. Spitfire yenyewe ilikuwa na upana wa mita 11 na kidogo kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo ile ya mzee ilikaribia mita 3. Ikaruka, ikageuka, ikashuka chini kabisa juu ya vichwa vya watu huku moteri ikilia. Watu wakapiga makofi.

Mdogo wangu akaniuliza: "Yaya, bale bantu, juu ya nini habakimbie?"

Nikamjibu ni mchezo tu. Akatazama tena, kisha akasema: "Lakini habatuonyeshe chini yake."

Maneno hayo mawili yamenikaa kichwani tangu siku ile. Nadhani yana uhakiki wote ndani yake, mimi nayapanua tu.

Kwanza tuwatendee haki wale wazee. Kazi yao ni ngumu kweli. Ndege kubwa ya namna hiyo mara nyingi hupita kilo 10, na mtu anaweza kuijenga kwa miaka miwili au mitatu jioni baada ya kazi. Anakata mbavu za bawa moja moja kwa mbao nyepesi ya balsa, anazipanga kwenye mhimili, anazifunika ngozi nyembamba, halafu anaanza kuhesabu misumari ya bati iliyokuwa kwenye ndege ya kweli ili aiweke yote. Kuna moteri za petroli, na kwa ndege za jeti kuna turbini ndogo zinazokunywa mafuta kama ndege kubwa. Franga zinazoingia humo zingejenga nyumba ya mbao huku kwetu.

Hata mashindano yako. FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, lina kundi zima la mashindano ya ndege za mfano zinazofuata uwiano. Waamuzi wanaikagua ndege mara mbili. Mara ya kwanza ikiwa imetulia chini, wanailinganisha na picha na michoro ambayo mjenzi ameleta kama ushahidi: umbo ni lenyewe? rangi ni yenyewe? alama za kikosi ziko mahali pake? Mara ya pili inapigwa alama angani: inaruka kama ile ya kweli ilivyoruka?

Vipimo hivyo viwili navikubali. Basi tuvitumie kwa watoto wetu pia, bila huruma na bila dharau.

Masisi nilikozaliwa, watoto wanatengeneza helikopta. Mwili ni bua la mahindi au tete, mapanga ni vipande vya mwanzi vilivyopasuliwa, magurudumu ni vifuniko vya chupa za Primus au mpira uliokatwa kwenye sandali iliyochakaa. Wanatengeneza helikopta kwa sababu ndicho wanachokiona. Vilima vyetu vimejaa helikopta za Umoja wa Mataifa tangu enzi za MONUC, kabla jina halijawa MONUSCO mwaka 2010. Mtoto wa Masisi anajua sauti ya helikopta kabla hajajua kusoma.

Walikale ni kitu kingine. Nilikaa huko miezi mitano kwa ajili ya kazi ya mwisho wa masomo, na nikakuta watoto wanatengeneza ndege zenye mabawa na tumbo nene. Na sababu iko wazi. Miaka ile ya bati la Bisie, ndege ndogo za mizigo zilikuwa zinatua Kilambo, kwenye kipande cha barabara yenye lami, magari yakisimama kuipisha ndege. Zinapakia magunia ya madini, zinarudi Goma. Watoto niliowakuta wengine hawakuwa wamezaliwa siku zile, lakini umbo limebaki, kaka anamfundisha mdogo. Niliona ndege moja ya mti mwepesi, ina mlango ubavuni unaofunguka kweli, na ndani yake vimifuko vitatu vya majani vimefungwa kamba. Nikamuuliza fundi, mtoto wa kama miaka kumi na moja: rubani yuko wapi? Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. "Rubani hatumuonake. Tunaonaka mizigo."

Hapo ndipo nilipoanza kuzigeuza ndege za watoto juu chini, kila nilikopita. Jaribuni na ninyi. Sehemu ya juu mara nyingi haina kitu, bua tupu. Sehemu ya chini imejaa: magurudumu, taa, herufi UN zimeandikwa kwa makaa tumboni, na kwenye zile wanazoziita "Sukhoi" kuna vijiti viwili au vinne vimening'inia chini ya mabawa. Mtaalamu wa Ulaya ana mchoro wa ndege kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka juu. Mtoto wetu ana mchoro mmoja tu, ule wa mtu aliyesimama shambani, ameinua kichwa, anajiuliza kama akimbie au aendelee kupalilia.

Kwa kipimo cha kwanza, basi, kile cha ukweli wa umbo, mimi nawapa watoto alama ya juu. Wameleta ushahidi wao, na ushahidi wao ni macho. Mzee wa Spitfire amehesabu kila msumari wa ndege ambayo pengine hajawahi kuiogopa. Kazi yake ni sahihi, lakini ni nusu. Ndege ya kivita ina mahali pawili: pale inapopita, na pale panapopokea kile inachoangusha. Yeye amejenga mahali pamoja akaacha pa pili, na kwa hiyo watu chini yake wanaweza kupiga makofi. Simlaumu kwa ubaya. Labda baba yake alikuwa mtoto London mwaka 1940, wakati mabomu yalipokuwa yanaanguka usiku kwa usiku, na Spitfire kwake ni ndege iliyowaokoa. Lakini basi angetuonyesha na hilo. Tuna methali sote tunaijua, wapiganapo tembo nyasi huumia. Watoto wetu ni nyasi zinazochonga tembo, na wanamchonga kwa upande ule wanaouona.

Sasa kipimo cha pili, na hapa siwabembelezi. Ndege za watoto wetu haziruki. Hata moja. Zinakimbizwa kwa mkono, zinaburutwa kwa kamba, mdomo ndio moteri.

Sababu si umaskini peke yake, tusijifiche nyuma ya umaskini. Sababu ni kwamba hakuna aliyewaonyesha. Ukitengeneza ndege ya mti mtupu, halafu ukaikuza mara mbili kila upande, eneo la bawa linaongezeka mara nne lakini uzito unaongezeka mara nane. Ndiyo maana wale wazee hawachongi bawa la mti mzima. Wanajenga mbavu na ngozi, ndani hewa. Tena kuna mambo ya uzani: ndege lazima isimame sawa ukiiinua kwa vidole viwili karibu na robo ya upana wa bawa, ukipima kutoka mbele. Ikilemea nyuma inainua pua, inakwama, inaanguka. Mtoto wa Walikale angelijua hilo, angebandika udongo kidogo puani na kazi ikaisha. Ni fizikia ya kidato, wengi wetu humu tumeifanyia mtihani tukapita, halafu tukaiacha kwenye daftari.

Na mbao ipo. Wenzetu wananunua balsa, mti wa Amerika ya Kusini. Walikale kuna parasolier, ule mti wenye majani kama mwavuli unaoota haraka kila msitu unapokatwa. Mbao yake ni nyepesi sana, na kwa kawaida sisi tunaiona takataka.

Najua kuna wasomaji watakaosema: sasa unataka kuwafundisha watoto wa vita kutengeneza ndege za vita? Pingamizi hili nalijua kwa jina, linaitwa mama yangu. Mwaka 2008, nikiwa na miaka tisa, nilitengeneza helikopta nzuri kuliko zote za kijiji chetu. Ilikuwa na urefu wa mkono wangu, na mapanga yalizunguka nikikimbia. Jioni moja wenye bunduki wakapita njia ya chini. Mama akaichukua bila kusema neno, akaiingiza motoni chini ya sufuria ya maharage. Nililia mpaka usiku. Alichoniambia ni hiki tu: "Banaweza sema tuko nabachora." Aliogopa mtu angedhani tunapeleleza. Leo nikiwa mtu mzima najua alikuwa na haki ya kuogopa. Nyumba zimechomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Na leo hofu hiyo imeongezeka. Umoja wa Mataifa ulirusha droni zake za kwanza kutoka Goma Desemba 2013, wakati ule bila silaha, na watoto walizitazama kwa mshangao. Siku hizi mlio mwembamba angani Masisi au Walikale hauleti mshangao, unaleta mbio. Kwa hiyo niseme wazi: mtu asijaribu kurusha kitu cha telekomande kule kwetu sasa. Anayekitazama kutoka upande wa pili hajui kama unacheza.

Lakini jibu langu kwa mama, kwa heshima yote, ni kwamba moto haukuiondoa ile helikopta. Niliitengeneza tena kichwani mara nyingi. Mtoto anayechonga kile anachokiogopa anakishika mkononi, anakigeuza, anakitazama tumbo. Anaamua yeye kitue wapi. Sijui njia nyingine rahisi ya mtoto kuongea juu ya mambo hayo, na sisi wakubwa hatujampa nyingine.

Tena ona tunavyopima vitu. Chukudu ilianza kama mbao na magurudumu ya mti, kazi ya mikono ya watu wa vilima, na leo ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya Goma, kwa sababu inabeba viazi na makaa. Bodys Isek Kingelez, Mkongo mwenzetu, alijenga miji mizima ya mfano kwa karatasi ngumu na vipakiti, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufa kwake, jumba la MoMA la New York likamfanyia maonyesho makubwa. Kumbe sisi tunaweza kuthamini kitu cha mfano, ila tunangoja kibebe mzigo au kisifiwe ng'ambo kwanza. Ndege ya bua haina bahati hiyo. Inaishi siku nne, mvua inainyeshea, inakwisha.

Jambo moja dogo kabla sijamaliza. Ndani ya telekomande ya mzee wa Spitfire kuna bati linalounga waya, na katika vifaa vya elektroniki vya siku hizi kuna tantali inayotoka kwenye koltani. Siwezi kusema gramu zake zilitoka Bisie au Rubaya. Lakini bati la Walikale na koltani ya Masisi zinaingia katika vifaa vya dunia nzima. Huenda katika uwanja ule wa majani na sisi tulikuwepo, sisi wa chini, ndani ya sanduku.

Basi ombi langu ni hili. Ukienda nyumbani, au kambini ambako watu wa nyumbani wako sasa, ukikuta mtoto ana ndege ya bua, usimcheke na usimnyang'anye. Igeuze juu chini uisome. Kisha ukae naye saa moja, mtengeneze ndege isiyo na moteri wala telekomande, ya mbavu nyembamba na karatasi, ya kurushwa kwa mkono tu uwanjani. Mwonyeshe uzani unakaa wapi. Ikianguka, mrekebishe pamoja.

Nilifanya hivyo na mdogo wangu wiki iliyofuata. Mara ya sita ndege yetu iliruka kama mita kumi na mbili, ikatua juu ya kamba ya nguo za shangazi. Mdogo wangu hakukimbia. Alikuwa ameiandika kitu tumboni kwa kalamu, na alipoishusha akanionyesha. Ilikuwa jina la kijiji chetu.

Ninyi mlitengeneza nini mkiwa watoto, na nani aliichoma? Andikeni hapa chini, nitasoma yote.