Bakteria Kwanza, Farasi-bahari Baadaye: Kukomaza Tangi la Maji ya Chumvi Kibera na Kawangware

Tangi la farasi-bahari hukaliwa na bakteria kwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya mnyama mwenyewe kutiwa ndani. Kazi yote ya kuliandaa, kuanzia kioo hadi chumvi, hulenga kuwapa bakteria hao mahali pa kushika, chakula na hewa, kwa sababu wao ndio watakaoondoa sumu inayotokana na taka za mnyama na mabaki ya chakula. Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, kazi hiyo hufanyika kilomita karibu 480 za barabara kutoka Mombasa, kwenye kimo cha takriban mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, katika nyumba ambazo maji huja kwa mtungi na stima kwa tokeni. Baridi ya Nairobi humfaa mnyama huyu lakini huwachelewesha bakteria. Kimo huwapunguzia hewa wote wawili. Kwa hiyo mpangilio wa hatua hapa una uzito kuliko ulivyo Pwani.

Farasi-bahari ni samaki. Aina moja inayofugwa sana, Hippocampus kuda, huishi pia kwenye nyasi za bahari na mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki, na hukua hadi sentimita 17 hivi. Farasi-bahari hana meno wala mfuko wa tumbo. Chakula hukifyonza kwa mdomo wake wa mrija, nacho hupita utumboni kwa haraka, sehemu yake ikitoka kabla ya kusagika vizuri. Ndiyo maana hulishwa mara mbili au tatu kwa siku, na ndiyo maana tangi lake huchafuka kuliko la samaki wengine wa ukubwa wake. Mtu anayemwona ametulia, mkia umejiviringa kwenye tawi, humdhania mnyama mwepesi wa kufuga. Uchafu anaouzalisha ni mwingi, na mfumo dhaifu wa bakteria humuua.

Tangi la jozi moja linatosha likiwa na urefu wa sentimita 60, upana wa 45 na kimo cha 55. Ujazo wake ni karibu lita 148. Mawe yakiingia na nafasi ikiachwa juu, maji yenyewe hubaki kama lita 120. Kimo ndicho kipimo kisichopunguzwa. Jike na dume hupanda pamoja wakiwa wamekabiliana jike anapotia mayai katika mfuko wa dume, na katika tangi fupi mayai huanguka chini. Kioo cha milimita 10 hukatwa na mafundi wa vioo na alumini kama wale wa Kawangware. La kuangaliwa ni gundi: silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya kuua kuvu, si ile ya bafuni. Silikoni hiyo ya kawaida hutoa harufu kali ya siki inapokauka, na harufu ikiwa bado ipo, haijaiva. Wiki moja ya kungoja, kisha siku mbili za kulijaribu tangi kwa maji baridi nje ya nyumba, huonyesha uvujaji kabla haujaharibu godoro la mtu.

Likijaa, tangi hili hufikia kilo 200 hivi. Katika chumba cha Kibera chenye kuta za udongo na sakafu nyembamba ya saruji, uzito huo huibonyeza sakafu chini ya miguu ya meza, kona moja ikashuka na kioo kikapasuka. Ubao mpana chini ya miguu huutawanya uzito, na pimamaji ya fundi huonyesha kama juu ni sawa. Kuta na paa za mabati zina tatizo jingine: mchana hukusanya joto kali, na usiku wa Julai, Nairobi inaposhuka hadi nyuzi 11 au 12, hulipoteza lote. Tangi lisiegemee bati. Kipande cha godoro la sponji nyuma na ubavuni hupunguza kupanda na kushuka huko. Vyumba vya mawe katika magorofa ya Kawangware hubadilika joto polepole zaidi, na hilo peke yake hupunguza bili ya hita.

Maji ya bomba ya Nairobi hutoka kwa sehemu kubwa katika bwawa la Ndakaini na husafishwa Ngethu kwa klorini. Klorini huua bakteria, wakiwemo hawa wanaolelewa. Katika mitaa hii kuna tatizo la pili. Mabomba ya plastiki hupita kwenye mitaro, na presha inaposhuka, mpasuko hunyonya maji machafu. Maji ya visima vya Nairobi nayo mara nyingi huwa na floridi nyingi. Jawabu bora liko mtaani: vioski vinavyouza maji ya kujaza, yaliyopitishwa kwenye mashine ya osmosisi kinyume. Mashine hiyo huzuia karibu kila kitu kilichoyeyuka, na maji matupu namna hiyo ndiyo msingi unaotakiwa. Mitungi 6 ya lita 20 inatosha kujaza tangi.

Chumvi ya mezani haifai. Hiyo ni kloridi ya sodiamu iliyoongezwa madini joto, wakati kilo moja ya maji ya bahari, mbali na sodiamu na kloridi, ina takriban gramu 2.7 za salfeti, gramu 1.3 za magnesiamu, na karibu gramu 0.4 za kalisiamu na kiasi kama hicho cha potasiamu. Chumvi ya matangi hutengenezwa kwa uwiano huo. Gramu 35 kwa lita, yaani kilo 4.2 kwa lita 120, huchanganywa katika pipa la plastiki huku pampu ikivuruga kwa siku nzima, hadi haidromita isome kati ya 1.023 na 1.025. Maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo, hivyo pengo hujazwa maji yasiyo na chumvi. Kosa la kujaza maji ya chumvi ni la kawaida sana, na ukali hupanda wiki hadi wiki bila mtu kutambua.

Kwa mawe, mawe makavu ya chokaa ndiyo chaguo. Mawe yaliyotoka moja kwa moja baharini huja na haidroidi na anemoni wadogo wenye miiba ya sumu, na farasi-bahari hawezi kukimbia. Isitoshe, matumbawe magumu yote yako katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mimea ya plastiki au minyororo laini ya plastiki huwekwa kwa ajili ya mikia.

Kichujio kinachofaa mitaa hii kuliko vyote ni sponji mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Mkondo wake ni mpole, kama mnyama anavyotaka, sponji ndiyo makao ya bakteria, na mapovu huchochea uso wa maji. Pampu yenyewe hula wati chache tu, kwa hiyo betri ndogo ya sola huiendesha usiku kucha. Iwekwe juu ya usawa wa maji. Ikiwa chini, stima ikikatika maji hurudi kwa mrija hadi ndani ya pampu.

Ndipo kukomaza kunaanza. Amonia, yaani ile sumu ya taka na mabaki, huliwa na kundi la kwanza la bakteria na kugeuzwa naitriti. Kundi la pili hugeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo ina madhara madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Sergei Winogradsky alionyesha karibu mwaka wa 1890, akiwa Zürich, kwamba hatua hizo mbili ni za viumbe tofauti. Kwa muda mrefu vitabu vya wafugaji viliwataja Nitrosomonas na Nitrobacter, hadi miaka ya 1990 ilipobainika kwamba katika matangi kazi ya pili hufanywa hasa na Nitrospira. Mwaka wa 2005 kiumbe kingine cha baharini kinachokula amonia, Nitrosopumilus maritimus, kilitangazwa kwa mara ya kwanza. Si bakteria bali ni arkea, kundi jingine la viumbe wa seli moja, na kilipatikana katika kokoto za tangi la Seattle Aquarium, Marekani. Sayansi ya bahari ilipata kitu kikubwa kutoka kwenye tangi la samaki.

Amonia ya kuanzia hupatikana kwa njia mbili. Kamba mbichi mmoja au wawili, wa kununuliwa soko la City Market, Nairobi, huachwa waoze ndani ya kimfuko cha wavu. Njia hii ni rahisi ila haina kipimo. Njia bora ni unga wa kloridi ya amonia kutoka kwa wauzaji wa kemikali: gramu 0.9 katika lita 120 hutoa karibu miligramu 2 za naitrojeni kwa lita. Amonia ya kusafishia nyumba yenye sabuni au manukato haitumiki. Kupita miligramu 5 kwa lita nako hudhoofisha kundi la pili, na subira hurefuka.

Dozi hiyo ndogo ina hesabu yake. Kugeuza miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia kuwa naitreti huhitaji takriban miligramu 4.6 za oksijeni, kwa hiyo dozi ya miligramu 2 huhitaji zaidi ya 9 kwa kila lita. Maji ya bahari ya nyuzi 24 huko Mombasa hushika karibu miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita. Kibera, kwa kuwa hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 17, hushika kama 5.6 tu. Dozi moja hudai oksijeni kuliko yote iliyomo ndani ya maji, na inayopungua lazima iingie kupitia uso. Ndiyo maana mapovu hayazimwi hata saa moja, na mfuniko wa tangi huachiwa upenyo mpana. Mwongozo ulioandikwa kwa mtu wa pwani huenda usiliguse jambo hili, kwa sababu kwake pengo ni dogo zaidi.

Hesabu ya pili ni ya alkalini. Kila miligramu ya naitrojeni inayogeuzwa hula alkalini ya takriban miligramu 7 zikihesabiwa kama chokaa. Maji ya bahari yana karibu 115 kwa lita, kwa hiyo dozi nane za miligramu 2 zinaweza kuimaliza. pH hushuka, bakteria husimama, na mfugaji hudhani amonia yake ni mbovu. Kijiko kidogo cha bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuokea, huirudisha kwa sehemu. Magadi ya dukani yanayolainisha maharagwe hayafai: huwa na floridi nyingi.

Joto huwekwa nyuzi 26 hadi 28 wakati wa kukomaza, kwa hita ya wati 100. Kwa kawaida amonia hupanda na kuanza kushuka katika wiki mbili za kwanza, naitriti hufuata na kukaa juu kwa wiki kadhaa, kisha hudondoka ghafla. Wiki 4 hadi 6 ni kawaida. Katika maji ya chumvi naitriti haimdhuru samaki kwa ukali ule wa maji baridi, kwa kuwa kloridi huizuia isiingie kwenye mashavu yake. Hupimwa kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama kundi la pili limeshika kazi. Amonia ndiyo muuaji, na sumu yake hutegemea pH: kupanda kutoka 7.2 hadi 8.2 huizidisha karibu mara kumi. Tangi la bahari hukaa kwenye 8.2.

Tangi likimaliza dozi ya miligramu 2 kwa saa 24, amonia na naitriti zikasoma sifuri, wengi hununua mnyama siku hiyo hiyo. Hapa Nairobi bado hatua moja. Farasi-bahari hukaa vizuri kwenye nyuzi 22 hadi 24; juu ya 26 bakteria wa jamii ya Vibrio hustawi na kumshambulia ngozi na mkia. Pwani, kushusha joto hadi hapo huhitaji mashine ya kupozea maji, ghali na yenye kula stima. Kibera na Kawangware, hita hupunguzwa tu. Hiyo ni faida kubwa ya mji huu na haitajwi inavyostahili. Lakini bakteria waliolelewa kwenye nyuzi 28 hufanya kazi polepole wakipozwa, hivyo joto hushushwa nyuzi moja kwa siku, kisha jaribio la saa 24 hurudiwa kwenye nyuzi 23. Likifeli, dozi ndogo huendelea hadi lifaulu. Baada ya hapo zaidi ya nusu ya maji hubadilishwa, hadi naitreti ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita.

Kukatika kwa stima kunahitaji maandalizi kabla ya mnyama kuja. Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani usiku na sehemu nyingi zikangoja hadi siku iliyofuata. Katika kichujio cha mkebe uliofungwa, bakteria humaliza oksijeni katika saa chache, na stima ikirudi pampu husukuma uozo ndani ya tangi. Sponji zilizo wazi ndani ya tangi hustahimili zaidi, na zikiwa na betri hazisimami kabisa. Hita nayo hufunikwa kwa kizuizi cha plastiki chenye matundu, kwa kuwa farasi-bahari huizungushia mkia na kuungua bila kuiachia.

Jamii yote ya Hippocampus iliingizwa katika Kiambatisho cha II cha CITES kwa uamuzi wa Santiago, Chile, Novemba 2002, ulioanza kutumika Mei 15, 2004. Afrika Mashariki ilihusika moja kwa moja: farasi-bahari waliokaushwa walisafirishwa kutoka Tanzania kwenda masoko ya dawa ya Asia. Kenya, vibali vya CITES hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mnyama aliyezaliwa katika ufugaji ndiye wa kutafutwa. Huwa amezoea chakula kilichogandishwa, ilhali aliyevuliwa porini mara nyingi hukikataa na kufa njaa. Kama chakula hai kitahitajika, kuna Artemia, vijikamba vya maji ya chumvi kali, walioingizwa katika mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, miaka ya 1980. Artemia peke yao hawana mafuta yanayotosha, hivyo hulishwa kwanza mwani wenye mafuta hayo, au hubadilishwa na kamba wadogo wa maisisi waliogandishwa.

Jozi huingizwa kwa kudondoshewa maji ya tangi polepole kwenye ndoo yao, karibu saa moja. Kwa wiki mbili za kwanza amonia hupimwa kila siku, na mabaki ya chakula hunyonywa kwa mrija nusu saa baada ya kila mlo. Amonia ikisoma zaidi ya sifuri, mlo hupunguzwa na maji hubadilishwa siku hiyo. Baadaye mtungi mmoja wa lita 20, uliotiwa gramu 700 za chumvi siku moja kabla, hubadilishwa kila wiki, na sponji huoshwa moja kwa zamu katika maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba.