Hudhud ya Waifugao: Nani Anaimba, Nani Anaimbwa?

Katika kazi ya kujenga utamaduni wa umma, makosa mawili hujitokeza kila tunapoijadili fasihi ya kale. Kosa la kwanza ni la wale wanaoidharau na kuiita ushenzi au mabaki ya ukabaila. Hawa bado wana kasumba ya kikoloni, hata kama wanazungumza lugha ya kimapinduzi. Kosa la pili ni la wale wanaoiabudu. Kwao kila kilichokuwapo kabla ya mkoloni kilikuwa cha usawa na udugu, na unyonyaji uliletwa na meli kutoka Ulaya. Makala hii inahusu zaidi kosa hili la pili, kwa sababu mwandishi mwenyewe aliwahi kulifanya mbele ya darasa.

Utendi wenyewe

Waifugao ni wakulima wa mpunga katika milima ya kaskazini ya kisiwa cha Luzon, nchini Ufilipino. Mashamba yao yamechongwa ubavuni mwa milima kama ngazi, yakazungushiwa kingo za mawe na udongo, na maji huteremshwa kwa mifereji kutoka ngazi moja hadi nyingine. Nyimbo zao ndefu za kishujaa huitwa Hudhud. Kuna nyimbo zaidi ya 200, kila moja ikigawanyika katika sehemu 40 hivi, na kuimba wimbo mmoja mzima huweza kuchukua siku kadhaa. Huimbwa wakati wa kupanda na kuvuna mpunga, katika mikesha ya matanga, na katika mila ya kufukua na kusafisha mifupa ya marehemu. Kiongozi wa wimbo kwa kawaida ni mwanamke mzee. Yeye huanza mstari, na kundi la wanawake hupokea na kuumalizia.

Wimbo unaojulikana zaidi ni ule wa Aliguyon, mwana wa Amtalao, wa kijiji cha Hannanga. Baba yake ana uadui wa siku nyingi na Pangaiwan wa Daligdigan. Aliguyon anakwenda kuumaliza uadui huo kwa mkuki, lakini badala ya mzee anakutana na kijana mwenzake, Pumbakhayon, mwana wa Pangaiwan. Wanapigana mwaka mmoja na nusu, wanapumzika, kisha wanapigana mwaka mwingine na nusu. Mkuki ukirushwa, hudakwa na kurudishwa. Hakuna anayeshinda. Mwishowe kila mmoja anauheshimu uwezo wa mwenzake na wanapatana. Aliguyon anamwoa Bugan, dada wa Pumbakhayon, na Pumbakhayon anamwoa Aginaya, dada wa Aliguyon. Vijiji vinasherehekea, na jamaa hizo mbili zinaishi kwa utajiri na heshima.

Swali la mwanafunzi

Miaka kadhaa iliyopita niliufundisha utendi huu katika darasa la itikadi. Nilieleza kwamba hapa tuna ushahidi wa jamii ya kale isiyo na matabaka, na kwamba amani ya Aliguyon na Pumbakhayon ni amani ya watu huru walio sawa. Nilikuwa nimeandaa somo vizuri, na darasa lilinisikiliza kwa makini. Ndipo mwanafunzi mmoja, mama aliyelima mpunga tangu utoto wake, akanyanyua mkono. Akasema: “Ndugu mkufunzi, miaka mitatu yote hiyo Aliguyon anapigana, shambani kwake analima nani?”

Sikuwa na jibu. Nilisema kwamba ushujaa katika tendi hutiwa chumvi, nikaendelea na somo. Hilo halikuwa jibu, lilikuwa ujanja wa mwalimu aliyebanwa. Jioni ile nilirudi kwenye vitabu, na nikaona kwamba swali la yule mama ndilo lililopaswa kuwa somo lenyewe.

Msingi wa kitabaka

Mashujaa wa Hudhud ni wa tabaka la kadangyan, yaani matajiri wenye mashamba. Mmarekani Roy Barton, aliyeandika juu ya sheria za Waifugao katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1919, alieleza madaraja matatu: matajiri hao, watu wa hali ya kati, na maskini wasio na mashamba ya mpunga. Tajiri aliuthibitisha ukubwa wake kwa karamu kubwa za kuchinja wanyama, na ishara ya hadhi yake ilikuwa hagabi, benchi kubwa la gogo lililowekwa nyumbani kwake. Maskini alikopa mpunga wakati wa njaa na kuulipa kwa riba kubwa wakati wa mavuno.

Kwa hiyo jibu la swali ni hili: Aliguyon alilimiwa. Mpunga alioula shujaa katika miaka mitatu ya vita ulipandwa na kuvunwa na watu ambao wimbo hauwapi nafasi ya mbele. Wengi wa watu hao ndio hao hao wanaouimba, wameinama shambani, wakiusifu utukufu wa mwenye shamba. Huu ndio mgongano mkuu wa Hudhud. Sauti ni ya mvujajasho, sifa ni za tajiri.

Tuitazame amani yenyewe pia. Inafungwa kwa kubadilishana madada. Katika masimulizi yanayojulikana sana, Bugan anachukuliwa akiwa bado mdogo, akalelewa mpaka awe mke. Hakuna mahali anapoulizwa. Ni amani kati ya nyumba mbili zenye mali, na mali inabaki ndani ya nyumba hizo mbili.

Je, tuutupe utendi?

La hasha. Amílcar Cabral, katika hotuba yake ya mwaka 1970 juu ya utamaduni na ukombozi wa taifa, alifundisha kwamba utamaduni una sura ya kitabaka, na kwamba wanamapinduzi lazima wachambue kipi ndani yake kinajenga na kipi kinabomoa. Tukiifuata njia hiyo, tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, utendi unaulaani urithi wa visasi. Uadui ni wa baba, lakini wanaotakiwa kufa ni watoto. Vijana wanagundua kwamba vita isiyo na mshindi haina maana, na wanakuwa na ushujaa wa kuikomesha. Fundisho hili ni la umma, hata kama limevikwa mavazi ya tajiri.

Pili, wenye kuuhifadhi ni wanawake wa kazi. Kiongozi wa wimbo ndiye mwanahistoria wa kijiji. Maandishi yalikuja baadaye sana. Tafsiri ya Amador Daguio ni ya mwaka 1952, na padri Mbelgiji Francis Lambrecht alichapisha matini kadhaa baada ya hapo. Mwaka 2001 UNESCO iliitangaza Hudhud kuwa hazina ya binadamu wote. Lakini hazina hii ilitunzwa vifuani mwa wanawake waliokuwa wakivuna kwa mikono, na mavuno ya mikono yanapopungua, wimbo nao unapungua. Anayetaka kuulinda utamaduni bila kuangalia kazi na maisha ya wanaouishi, anateka maji kwa pakacha.

Tatu, tujihadhari na neno “kabla ya ukoloni”. Zamani wataalamu kama Barton na Otley Beyer walikadiria kwamba mashamba yale ya ngazi yana miaka 2,000 au zaidi. Uchunguzi wa Stephen Acabado na wenzake, uliochapishwa kuanzia mwaka 2009, unaonyesha kwamba sehemu kubwa yalijengwa baada ya Wahispania kuingia Luzon katika karne ya 16, watu walipokwea milimani na kujipanga upya. Hispania ilitawala Ufilipino tangu mwaka 1565 hadi 1898 bila kuwatiisha kikamilifu watu wa milima hiyo. Kama ni hivyo, ngazi zile si makumbusho ya enzi iliyolala, bali ni kazi ya watu waliokataa kutawaliwa. Wala hilo halifuti ukweli wa pili: watu hao hao waliompinga mkoloni kwa umoja waliendelea kugawanyika kati ya mwenye shamba na asiye nalo.

Hitimisho

Kada asiyeona ukweli wa kwanza ataidharau historia ya watu. Asiyeona ule wa pili atawafundisha wanyonge kumwimbia mnyonyaji kwa jina la mila. Mimi nilikuwa karibu kufanya hivyo, na aliyenizuia ni mkulima aliyeujua mpunga kuliko nilivyoujua mimi. Tangu siku hiyo kila ninapofungua utendi wowote darasani naanza na swali lake, nami nawashauri wakufunzi wenzangu wafanye vivyo hivyo: wakati shujaa anapigana, nani yuko shambani?