Viazi Mahali pa Jibini

Huko Texas, chile con queso, sosi ya jibini na pilipili, huchovewa kwa chipsi za mahindi, na ile ya nyumbani haihitaji fundi: Velveeta, jibini la kusindikwa, huyeyushwa pamoja na kopo la Ro-Tel, yaani nyanya zilizokatwakatwa na pilipili. Ufundi wote ulishamalizwa kiwandani. Jibini la kawaida likizidiwa na moto huachana, mafuta juu, madonge chini. Velveeta ina chumvi za sodiamu zinazoinyang'anya kaseini, protini ya maziwa, kalsiamu yake. Protini hiyo ikishafunguka hutawanyika majini na kuyashika mafuta, sosi ikabaki laini.

Kwa hiyo anayeondoa maziwa ana kazi mbili: ladha, ambayo ni rahisi, na huo ulaini wa sosi ikiwa ya moto. Wengi hukimbilia korosho. Wakulima wa Mtwara watashangilia, lakini gramu 100 za korosho zina kilokalori kama 550, nyingi kuliko hata jibini la cheda lenye takriban 400. Sosi yake ni tamu kweli, ila usimwambie mtu kwamba umempunguzia uzito.

Njia ninayoiona ya werevu zaidi ni ya viazi mbatata. Chemsha gramu 300 pamoja na karoti gramu 100 hadi vivurugike. Visage kwenye blenda vikiwa vya moto, na nusu kikombe cha maji yaliyovichemsha, mafuta vijiko viwili vikubwa, kitunguu saumu, chumvi na ndimu. Mpishi wa viazi vya kuponda huiogopa blenda kama moto, na ana haki: visu hupasua seli, wanga uliovimba humwagika, na chakula hunata kama gundi. Hapa kunata huko ndiko tunakokutafuta. Wanga hushika maji mengi, ulimi ukadhani ni mafuta.

Karoti inaleta rangi. Ladha ya jibini hutoka kwenye hamira ya kula, ile iliyouawa kwa joto isiumue tena, yenye glutamati nyingi. Vijiko vitatu vinatosha. Hamira ya mandazi haifai, itakuachia uchungu.

Mafuta nayo yasiongezwe ovyo. Kwa hesabu yangu sufuria nzima haifiki kilokalori 600, na vijiko hivyo viwili peke yake vimebeba 240. Kuyaondoa kabisa sishauri, maana ukali wa pilipili husafiri ndani ya mafuta, na bila hayo unabaki na uji wa viazi wenye chumvi. Protini ya jibini pia huipati. Weka maharage pembeni yaifidie.

Sosi ikipoa hukaza, kwani wanga hujipanga upya. Irudishe motoni na maji kidogo huku ukikoroga. Nyanya na pilipili ziingie mwisho kabisa, zikiwa vipande; ukizisaga humo, utapata supu ya karoti.