Sifa za Programu Inayoamka Kwanza

Prosesa ya ukoo wa x86 inapopata umeme haijui Windows wala Linux. Haijui diski, haijui skrini, na hata RAM iliyochomekwa sentimita chache kutoka kwake bado haiwezi kuitumia. Inachokijua ni anwani moja: baiti 16 chini ya mpaka wa gigabaiti 4. Hapo ndipo inapochukua amri yake ya kwanza, na amri hiyo imehifadhiwa ndani ya chipu ndogo, mara nyingi yenye miguu minane, iliyochomelewa kwenye madabodi. Kilichoandikwa katika chipu hiyo ni programu dhibiti. Mengine yote tunayoyaita kompyuta huja baada yake.

Nataka kuusifu ufundi wa kuijenga programu hiyo kutoka kwenye msimbo chanzo wake, amri kwa amri, kwenye kompyuta ya kawaida. Ni ufundi usio na umaarufu. Mtumiaji huyaona matunda yake kwa sekunde chache tu, nembo ya kampuni inapotokea na kutoweka, na sijamsikia mtu akiisifia kompyuta kwa jinsi ilivyoamka. Hata hivyo naamini ufundi huu humfundisha mtu jambo ambalo kazi nyingi za kompyuta humruhusu aliruke: kutenganisha anachokijua na anachokiamini tu.

Kwa miaka mingi nafasi ya kuijenga mwenyewe haikuwepo. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981 ilichapisha msimbo wa BIOS, yaani programu dhibiti yake, katika kitabu chake cha kiufundi, lakini haki ya kuunakili ilibaki kwake, na kampuni zilizofuata ziliandika BIOS zao na kuzificha. Muundo wenyewe nao ulizeeka. Mashine zilikua, lakini BIOS iliendelea kuanza kazi katika hali ya biti 16, ikibanwa ndani ya megabaiti 1 ya kumbukumbu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Intel, ikitayarisha prosesa za Itanium, ilihitaji njia nyingine, na hapo ikazaliwa EFI, kiwango kipya cha programu dhibiti. Mwaka 2004 iliuweka wazi msimbo wa msingi uliojulikana kwa jina la Tiano, ikazaliwa jumuiya ya TianoCore ya kuulea. Mwaka 2005 kampuni kadhaa ziliunda jukwaa la UEFI ili kiwango hicho kisiwe mali ya kampuni moja. EDK II ndiyo seti ya zana na msimbo iliyotokana na safari hiyo, na kampuni zinazowauzia watengenezaji wa kompyuta programu dhibiti huifanya msingi wa bidhaa zao. Tangu 2019 inatolewa kwa leseni ya BSD yenye kifungu cha hataza: yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza.

Kazi huanza kabla ya kuugusa msimbo. Kwenye Ubuntu au Debian unakusanya kwanza zana. GCC na make zinahitajika kwa ajili ya lugha ya C. Python 3 inahitajika kwa sababu programu inayouongoza ujenzi wote imeandikwa kwa Python. NASM inahitajika kwa sababu amri za mwanzo kabisa haziwezi kuandikwa kwa C: C hutaka mahali pa kuweka vigeu vyake, na wakati huo hakuna RAM ya kuviweka. Programu ya iasl hutayarisha majedwali ya ACPI, ambayo huueleza mfumo endeshi kuhusu umeme na vifaa vilivyomo kwenye mashine. Mwenye haraka huinakili orodha hii bila kuitazama. Fundi huisoma, kwa maana kila jina lililomo ni jibu la swali fulani kuhusu jinsi kompyuta inavyoamka.

Kisha unaupakua msimbo kwa git, pamoja na moduli ndogo zilizoandikwa na watu wa miradi mingine: OpenSSL kwa ajili ya usimbaji fiche, Brotli kwa ajili ya kubana data. Ukizisahau moduli hizo ujenzi utakwama mapema, kwani hata zana za mwanzo zinaitegemea Brotli. Hapa pia fundi huchagua toleo. TianoCore hutoa matoleo imara kila baada ya miezi kadhaa, na majina yake hubeba mwaka na mwezi: edk2-stable202408 ni la Agosti 2024. Kulishika toleo moja na kuliandika daftarini ni adabu ya kazi, maana kesho mwenzako atakapouliza ulijenga nini, utakuwa na jibu. Anayejifunza kwa kifurushi cha data cha simu anaweza kuiamuru git ichukue hali ya sasa ya msimbo bila historia yake yote, na mzigo utapungua sana.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kabla hujajenga programu dhibiti, EDK II inakutaka uzijenge zana zake. Unaendesha make katika folda ya BaseTools, na zinatoka GenFw, GenFfs, GenFv, VfrCompile na nyinginezo. Mhunzi hufua nyundo na koleo lake kabla ya kufua jembe la mteja, na hapa utaratibu ni huo huo. Kila zana ina kazi moja inayoeleweka. GenFw huchukua kile kilichotolewa na GCC na kukigeuza kiwe katika muundo ambao UEFI inautambua. GenFfs hukifungasha kama faili yenye utambulisho wake. GenFv hukusanya faili hizo katika juzuu moja. Ukizijenga mwenyewe, hutazishangaa zitakapolalamika.

Baada ya hapo huja amri fupi: nukta, nafasi, kisha edksetup.sh. Nukta hiyo ina uzito. Skripti ikiendeshwa kwa njia ya kawaida hufanya kazi katika shell yake ya pembeni, na inapomaliza huondoka na kila ilichokipanga. Nukta huilazimisha iandike mipangilio katika shell hii hii unayoitumia, ili amri ya kujenga ijue msimbo uko wapi na zana ziko wapi. Skripti hiyo hiyo huijaza folda ya Conf, na humo utaikuta faili ya target.txt inayosubiri maamuzi yako: unajenga jukwaa gani, kwa ajili ya prosesa ipi, kwa kompaila ipi, na kwa hali gani. Hali ya DEBUG huacha ndani ya programu maelezo na ukaguzi mwingi wa kumsaidia fundi, na RELEASE huviondoa. Anayejifunza achague DEBUG bila kusita.

Msimbo wenyewe umepangwa kwa nidhamu inayostahili heshima. Faili ya DEC hutangaza kile ambacho kifurushi kinawapa wengine. INF huieleza moduli moja: faili zake, maktaba inazozihitaji, mahali inapoanzia. DSC huorodhesha moduli zinazounda jukwaa zima. FDF huchora ramani ya chipu, ikionyesha nini kitakaa wapi na kwa ukubwa gani. Karibu kila kitu hutambulishwa kwa namba ya biti 128 badala ya jina, ili vifurushi vilivyoandikwa na kampuni zisizofahamiana vikutane ndani ya chipu moja bila kugongana. Anayezisoma faili hizi nne kwa utulivu anaweza kuikuta draiva yoyote na kueleza ni nani aliyeileta na kwa sababu gani.

Ndipo unapoamuru kujenga. Mwanafunzi aanze na OVMF, jukwaa lililotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe. Mistari hupita kwa kasi: msimbo wa C unakuwa maktaba, maktaba zinaungana kuwa moduli, moduli zinabanwa kwa LZMA na kupangwa katika juzuu, na juzuu zinaunganishwa kuwa OVMF.fd, faili ya megabaiti 4. Ujenzi ukianguka, mstari wa mwisho husema tu kwamba umeanguka, na chanzo cha hitilafu huwa kiko juu zaidi. Ufundi ni kurudi nyuma kwa subira hadi kwenye lalamiko la kwanza, kwa sababu yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Tabia hii ya kutafuta chanzo kabla ya kushughulikia dalili ina faida katika kila kazi, na ni nadra kuona inafundishwa kwa uwazi wa namna hii.

Kisha unaikabidhi faili hiyo kwa QEMU, programu inayoendesha mashine pepe. Kwenye madabodi halisi, faili mbovu huiacha mashine bila uhai mpaka chipu iandikwe upya kwa kifaa maalumu. Kwenye mashine pepe unafunga dirisha na kujaribu tena. Ukiielekeza QEMU inase maandishi yanayopita kwenye mlango wa 0x402, utapata daftari la kila kilichotokea: awamu ya SEC ikishika usukani, PEI ikiiandaa RAM, DXE ikipakia draiva kila moja kwa zamu yake kulingana na inachokitegemea, na BDS ikichagua kifaa cha kuanzia. Kwa miaka yote yale mambo haya yalipita nyuma ya nembo. Sasa yako mbele yako kwa maandishi, na kila mstari una faili yake ya chanzo unayoweza kuifungua.

Mtu anaweza kuuliza faida yake, ilhali OVMF iliyokwisha kujengwa inapatikana kwa amri moja tu. Jibu langu linaanzia kwenye hatari. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH kilifuta BIOS za kompyuta nyingi duniani, na zilizoguswa hazikuweza hata kuanza kuwaka. Januari 2024 watafiti wa Quarkslab walitangaza udhaifu 9 wa kiusalama katika msimbo wa mtandao wa EDK II yenyewe, wakauita PixieFail. Msimbo huo umo katika bidhaa za kampuni nyingi, na kila kampuni ilibidi isahihishe kwa wakati wake. Aliyejenga mwenyewe hakuwa na sababu ya kungoja. Angeweza kuitazama DSC yake, akajua kama sehemu hiyo imo katika jukwaa lake, akaiondoa au akaweka marekebisho na kujenga upya. Katika usalama, kuweza kulijibu swali la «je, mimi nimo?» ni nusu ya ulinzi.

Ufundi huu pia ni mkweli kuhusu mipaka yake. Ken Thompson, katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing uliochapishwa mwaka 1984, alionyesha kwamba kompaila iliyochezewa inaweza kupandikiza uovu ndani ya programu ambayo chanzo chake ni safi kabisa. Tena kwenye mashine nyingi za Intel, kazi ya kuiamsha RAM hufanywa na kifurushi cha FSP, ambacho kampuni hukitoa kikiwa kimeshajengwa, bila chanzo. Kujenga mwenyewe, basi, hakukuondolei haja ya kuamini. Kunakuonyesha mahali hasa unapoamini, kwa jina la faili na kwa anwani ndani ya chipu. Imani inayojua mipaka yake inaweza kuchunguzwa, kupunguzwa na kudaiwa maelezo. Imani isiyojua iliko haiwezi kufanyiwa lolote.

Ndiyo maana nautamani ufundi huu uenee kwetu. Mafundi wa Kariakoo na wa katikati ya Nairobi tayari wana mkono wa kazi: huing'oa chipu ya BIOS, huisoma kwa kifaa cha USB kama CH341A, na huiandika upya mpaka laptopu iliyokufa ikawaka. Mara nyingi faili wanayoiandika imetoka mtandaoni, na aliyeiweka huko hajulikani. Fundi wa namna hiyo akijifunza kuisoma ramani ya FDF na kuzitambua juzuu zilizomo ndani ya faili, ataweza kumweleza mteja alichomwekea, na si kumwambia tu kwamba imewaka.

Kuna pia kazi nyingine inayotungoja. Katika EDK II maneno ya skrini hayachanganywi na msimbo. Hukaa katika faili za UNI, kila lugha na alama yake. Orodha ya kawaida ya lugha ina Kiingereza na Kifaransa, na ukifungua menyu ya OVMF utapata nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili. Herufi za Kiswahili zote zimo katika fonti iliyomo tayari, kwa hiyo hatuhitaji kuchora hata moja. Kinachohitajika ni mtu wa kuandika tafsiri nzuri, kuongeza alama ya «sw» katika mpangilio wa jukwaa, na kujenga upya. Mwanafunzi mwenye laptopu ya kawaida na subira anaweza kuianza kazi hiyo wiki hii, na akiimaliza, menyu ya kwanza ya mashine yake itazungumza naye kwa lugha aliyolelewa nayo. Atakuwa ameistahili, kwa sababu atakuwa anajua kila neno lilipita wapi hadi kufika kwenye skrini.