Wasemaji Walewale: Jawabu kwa Lawama ya Mwalimu wa Tororo

Madhumuni ya makala haya ni kuijibu upya lawama moja ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuijibu vibaya. Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ndogo iliyoandaa semina ya siku mbili kwa ajili ya walimu wa Kiswahili wa pande zote mbili za mpaka: wa Busia ya Kenya, wa Busia ya Uganda, na wa Tororo. Watoa mada walikuwa sita. Wote walitoka mbali, wote walikuwa wanaume, na wote walikuwa na shahada za juu. Sisi walimu wa mpakani tulipewa kazi ya kuwapokea wageni, kupanga viti na kupiga makofi.

Siku ya pili, wakati wa maswali, mwalimu mmoja wa kike kutoka Tororo alisimama akasema kwa adabu: "Bwana Katibu, nashukuru kwa mafunzo. Lakini naomba kuuliza: katika walimu wote tuliomo humu ndani, hakuna hata mmoja ajuaye jambo la kuwafaa wenzake?" Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti akasema kwamba jawabu litatolewa kwa maandishi, na mzigo huo ukaniangukia mimi.

Niliandika barua ya kurasa mbili. Leo nikiisoma naona kwamba ilikuwa na ufasaha mwingi na haki kidogo. Ilijengwa juu ya hoja tatu, na kwa kuwa hoja hizohizo husikika kila mahali panapolalamikiwa orodha ya wasemaji, yafaa tuzipime moja baada ya moja, tuone kama zina miguu ya kusimamia.

Hoja ya kwanza ilikuwa hii: tulichagua kwa ubora tu, hatukutazama mtu atokako, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Maneno haya yapendeza sikioni. Lakini hapana budi tuulize ni nani aliyekiweka kipimo cha ubora huo, na kipimo chenyewe kilikusudiwa kupimia nini.

Tuchukue mfano kutoka Kampala. Mnamo Juni 1962 ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Makerere mkutano mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika. Walikuwapo Chinua Achebe na Wole Soyinka, na Ngugi wa Thiong'o, ambaye wakati ule alikuwa bado mwanafunzi hapo Makerere. Waandaaji walikuwa wamekwisha kuweka sharti: mkutano ni wa wale waandikao kwa Kiingereza. Basi kijana aliyekuwa na hadithi fupi chache alipata nafasi, ilhali Shaaban Robert, ambaye jina lake lilijulikana Afrika Mashariki nzima kwa mashairi yake na nathari yake, hakuwa na mlango wa kuingilia. Mwezi huohuo wa Juni Shaaban Robert alifariki dunia. Ngugi mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kiitwacho Decolonising the Mind, ameueleza ubaguzi huo waziwazi.

Nasema hivi si kwa kuwashutumu waandaaji wa Makerere, kwani huenda hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nia mbaya. Nasema ili tuone jinsi sharti moja, likiandikwa mwanzoni kwa nia njema, laweza kumfungia nje mtu ambaye kila mwenye akili angetaka kumsikiliza. Kamati yetu ya Busia nayo ilikuwa na sharti lake, ingawa hatukuliandika: msemaji awe na shahada kubwa na awe amekwisha kusema katika makongamano mengine. Sharti hilo lilipopita, walimu wenye stashahada kama mimi walikwisha kutoka, na pamoja nao karibu wanawake wote wanaofundisha mpakani. Hatukumkataa mtu. Tuliweka chekecheo, kisha tukasema kwamba ni chekecheo ndilo lililochagua.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba lugha ina wenyewe. Niliandika kwamba Kiswahili ni mali ya pwani na visiwa, na kwamba ni busara kwa mtu wa bara kukaa kitako na kujifunza. Hoja hii ndiyo iliyonipa fahari zaidi siku ile, na ndiyo inayonipa haya zaidi leo.

Historia haikubaliani nayo. Mwaka 1928 kikao cha Mombasa kilikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mnamo Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Viti vya mwanzo vilikaliwa na Wazungu. Wenyeji wa lugha, wa pwani na wa bara, walikaribishwa baadaye sana. Hata hao wenyewe tunaowatetea hawakuulizwa katika saa ya kwanza. Yafaa tukumbuke pia kwamba kuanzia 1952 hadi 1962 Kamati hiyo ilikuwa na makao yake Makerere. Kwa hiyo Uganda, ambayo hutajwa kana kwamba ni nchi iliyokutana na Kiswahili jana, ilikuwa nyumbani kwa kazi hiyo kwa miaka kumi.

Tena mpaka wetu haukuwa mpokeaji tu. Neno bodaboda, ambalo leo liko kinywani mwa watu kutoka Mombasa hadi Goma, husimuliwa kwamba lilizaliwa hapahapa kwetu, pale vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na kile cha nchi ya pili, huku wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka. Lugha ililipokea neno hilo bila kuuliza cheti cha aliyelitunga.

Lakini lililonivunja nguvu kabisa ni darasa. Baada ya kuipeleka ile barua, yule mwalimu wa Tororo hakuja tena katika mikutano yetu. Jambo hilo lilinisumbua. Nikamwomba ruhusa nimtembelee shuleni, naye akaniruhusu nikae nyuma pamoja na wanafunzi.

Siku hiyo alikuwa akifundisha matamshi. Wanafunzi wake kadhaa, waliokulia katika Kiganda, walikuwa wakisema "habali" na "kizuli", kisha wakageuka wakasema "kirimo". Mimi nilizoea kuyaita hayo makosa, nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu kila juma bila kufika popote. Yeye alisimama ubaoni akaeleza kwamba katika Kiganda sauti r hufuata irabu e na i, na penginepo hutumika l. Kwa hiyo mtoto haropoki, bali anafuata kanuni ya kwao kwa uaminifu mkubwa. Ndipo akawaonyesha kwamba katika Kiswahili kila sauti husimama peke yake: kura si kula, na kalamu si karamu. Watoto walicheka, wakajisahihisha wao kwa wao.

Kisha akanikumbusha mada moja ya semina yetu iliyohusu ngeli. Mgeni wetu, mtu mwenye elimu nyingi na moyo mwema, alitufundisha kwamba mtoto huja darasani tayari ana ngeli katika lugha ya mama yake, na kwamba kazi ya mwalimu ni kumwonyesha ufanano. Kwa Msamia au Mnyole maneno hayo ni kweli, maana lugha zao ni za Kibantu. Lakini Kiteso na Kijapadhola si za Kibantu. Kiteso kina jinsi tatu za majina, ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike. Na Kijapadhola, ndugu yake Kijaluo, hakina ngeli za namna yetu. Mtoto Mteso akiambiwa atafute ngeli za kwao, hutafuta asichoweza kukiona, akarudi nyumbani akijiona mjinga. "Nilikuwa nimekaa safu ya tatu," aliniambia yule mwalimu. "Nililijua hilo, na sikuwa na mahali pa kulisemea."

Hapo ndipo nilipotambua hasara yetu. Nilikuwa nikidhani kwamba lawama yake ilihusu heshima, yaani kwamba alitaka jina lake liandikwe katika ratiba. Kumbe alikuwa akitetea wanafunzi. Walimu waliohudhuria walikwenda zao na nusu ya dawa, na wengi wao wanafundisha watoto ambao nusu hiyo haiwaponyi.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba hawakujitokeza. Ni kweli, hakuna mwalimu wa Tororo aliyeleta mada. Lakini tangazo letu tulilituma kwa nani? Tulilituma kwa wale tuliowafahamu, nao wakawaambia wale wanaowafahamu wao. Aliye nje ya duara hilo hakusikia kitu, kisha tukamlaumu kwa kutoitika. Na wapo waliosikia wakaogopa. Katika Uganda Kiswahili kilibeba kwa miaka mingi sifa ya kuwa lugha ya askari na ya amri. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa chini ya Idi Amin. Mwaka 2005 Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Upande wa Kenya Kiswahili kimekuwa somo la lazima la mitihani tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Kwa hiyo walimu wawili, ambao shule zao zaweza kuonana kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, wamepita njia mbili tofauti. Mmoja husimama bila wasiwasi. Mwingine hujiuliza kwanza kama lafudhi yake itachekwa. Asiyeitwa kwa jina lake hataitika.

Hata hivyo, haki yatudai tuwaambie na walalamikaji ukweli wao. Baadhi yetu, tukiombwa kusema, hukataa kwa kisingizio kwamba Kiswahili chetu ni cha mpakani, kisha huenda barazani kulalamika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyepewa nafasi na ajiandae, akubali kuulizwa maswali, na akubali kukosolewa kama msomi yeyote. Hatuombi msamaha wa ubora. Twaomba ubora utafutwe mahali pengi zaidi.

Vilevile nawaonya waandaaji wenzangu wasiponye donda kwa kulifunika. Si tiba kumchukua mwanamke mmoja na kumpa neno la shukrani mwisho wa siku, wakati watu wamekwisha kushika mikoba. Si tiba pia kumwita mwalimu wa Uganda kila mara aeleze "matatizo ya Kiswahili nchini Uganda", kana kwamba hawezi kusema juu ya ushairi, sarufi au uandishi wa insha. Wala kuhamisha kikao peke yake hakutoshi. Maadhimisho ya Siku ya Kiswahili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yamefanyika Zanzibar mwaka 2022, Kampala mwaka 2023 na Mombasa mwaka 2024, na huo ni mzunguko mwema. Lakini sisi tulikuwa tumeketi Busia penyewe, na bado Busia haikusema.

Basi napendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, kamati ianze kwa kuuliza ni tatizo gani la darasani linalohitaji kutatuliwa, ndipo imtafute aliyelitatua, hata akiwa na stashahada. Pili, tangazo lifike shuleni kwa njia ya walimu wakuu wa pande zote mbili, na mwaliko uandikwe kwa jina. Tatu, ratiba isichapwe kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiye mwanakamati, naye aulizwe: ni nani asiyekuwamo?

Nilirudi Tororo na barua nyingine, fupi mara kumi kuliko ile ya kwanza. Ilisema kwamba alisema kweli, na kwamba tungependa atufundishe. Aliisoma mara mbili, akaniuliza atapewa muda gani. Nikamjibu kuwa saa nzima, asubuhi ya siku ya kwanza. "Na neno la shukrani atalitoa nani?" akauliza. Nikamwambia kwamba kazi hiyo nimejichukulia mimi.