Shule ya Usimamizi Iliyo Kwenye Lori la Saruji

Wengi huingia kwenye usimamizi wa miradi kwa cheti. Wakuu wa shule wengi wa Tanzania waliingizwa na lori la saruji. Mwaka 2021, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ilielekezwa kujenga madarasa 15,000, na kazi nyingi za aina hiyo huendeshwa kwa force akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa na kumlipa fundi wa hapohapo.

Hapo mwalimu wa Historia hujikuta akipigania bei ya nondo, akiwahisha kokoto kabla mvua haijakata barabara, akimsubiri mhandisi wa halmashauri akague msingi ndipo zege limwagwe. Anasaidiwa na kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi, mpango ninaouvulia kofia: anayenunua si anayepokea, hivyo mfuko uliopungua huonekana mapema. Vyuoni somo hilo huchukua muhula mzima, tena kwa maneno mazito yasiyo na sababu.

Sakafu nyingine zilipasuka, kweli. Lakini kijana anayetafuta pa kuanzia kazi ya usimamizi wa miradi aombe kushika daftari la stoo kwenye ujenzi kama huo, hata kwa posho ya nauli tu.