Kichwamaji Aende Kazini

Hapa Tegeta neno "kichwamaji" halihitaji kitabu. Konda humwita hivyo abiria aliyepitiliza kituo cha Nyuki, na bosi humwita hivyo karani aliyeacha barua katikati akarukia nyingine. Lakini neno lina kitabu chake, na mimi hukisoma kwa ugomvi.

Euphrase Kezilahabi aliitoa riwaya ya Kichwamaji mwaka 1974. Kazimoto, kijana wa Chuo Kikuu, anasimulia mwenyewe. Anakwenda kuomba kazi ya likizo kwa Manase, mkuu wa wilaya. Manase huyo anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto naye anamwoa Sabina, dada yake Manase. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa, anakufa, na baba anajiua. Wahakiki wamekwisha kutufundisha kwamba hayo maji ni fikra za msomi aliyekatika na jamii yake. Sawa, sibishani nao.

Ugomvi wangu uko kwingine. Mimi nina hali ambayo madaktari huiita ADHD: umakini hauketi pale unapotakiwa, mwili hautulii, muda unateleza. Huanza utotoni, na wengi huzeeka nayo. Si ujinga, wala si jini. Sasa, nimsomapo Kazimoto simwoni ndugu yangu hata kidogo. Yeye ameng'ang'ania swali moja, kwamba kuishi kuna maana gani, na halimtoki. Maji yake yametuama. Yetu yanakimbia, bwana! Simu, mteja mlangoni, jenereta la jirani, vyote vinaingia kichwani kwa uzito mmoja. Halafu siku nyingine kazi moja inakuteka hadi jioni, chai imepoa na chakula hujagusa.

Mwandishi hana kosa, hakutuandika sisi. Kosa ni la wasomaji wanaochukua jina na kuacha wazo. Wakimbandikia jina hilo karani, wanambandikia na mwisho wa Kazimoto.

Nasi waandishi vijana tumefanya nini? Katika hadithi zetu msahaulifu ni kichekesho, au karogwa, na mganga au mke mwema atamponya ukurasa wa mwisho. Hakuna anayemfuata kazini Jumanne asubuhi. Kumbe utamu uko huko! Ofisi niliyokuwapo zamani, mkubwa alikuwa akitoa maagizo matano kwa mdomo huku anatembea, halafu eti "huyu hana akili". Leo nipo kwenye duka la kuchapa karibu na Kibaoni. Mama mwenye duka huandika kila kazi kwenye kipande chake cha karatasi, akakitundika kwenye msumari. Kazi moja, karatasi moja. Hasemi "baadaye", husema "kabla ya adhuhuri". Kanikalisha nielekee ukuta, mbali na mlango, na akiona miguu yangu inacheza hunituma kupeleka kadi za harusi. Hajasoma kitabu chochote cha tiba. Anataka kadi zitoke kabla ya harusi, basi. Huyo ndiye mhusika, jamani, na sijamkuta katika riwaya yoyote niliyosoma.

Msiniambie kuna sheria. Ipo, ya Watu Wenye Ulemavu, ya mwaka 2010: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi, asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Duka letu tuko wanne. Na hata huko kwenye makampuni, nani atanyoosha mkono siku ya usaili adai ulemavu usioonekana, wakati nje kuna foleni ya waombaji?

Nikizirudia kurasa za mwanzo, pale Kazimoto anapokwenda kuomba kazi, huwa nataka kujua mambo madogo tu: angekalishwa wapi, nani angemwonyesha namna ya kuifanya, kwa mdomo au kwa maandishi? Riwaya ile haina haja nayo, ina mzigo wake mwingine. Wewe unayeandika hadithi fupi mwezi huu, unayo nafasi. Anza na ule msumari.